Jembe la Koleta na Karanga za Katibu

Umande haujakauka kwenye majani ya karanga, na Koleta Luhende amekwishapanda juu ya kichuguu cha njia panda, kanga moja kiunoni, nyingine begani. Mkono wa kushoto umeshika kamba inayoning'iniza jembe la zamani lisilo na mpini. Mkono wa kulia una msumari wa reli. Anakohoa kidogo, anatema mate pembeni kwa adabu, anapiga.

Ngaa!

"Leo jua likipita paa la ofisi, watu wazima wote mkutanoni! Jambo la kwanza, karanga za katibu! Jambo la pili, kuamua kama Koleta Luhende aendelee kushika jembe la mbiu ama anyang'anywe!"

Ngaa!

Anashusha msumari. Kisha kwa sauti nyingine kabisa, ile ya kuombea chumvi kwa jirani, anaongeza, "Na mimi nitakuja. Ila nitachelewa kidogo, nina uji motoni."

Mama mmoja aliyekuwa akifagia uwanja wake anacheka mpaka fagio linamponyoka.

"Mwangaluka, Mama Flavia! Mashtaka yako mwenyewe, na umeyatangaza vizuri hivyo?"

"Mwangaluka. Kazi ni kazi," anajibu Koleta, ambaye hapa kijijini huitwa kwa jina la bintiye. "Yangekuwa mashtaka yako ningeyatangaza kwa sauti hii hii. Tena ningeongeza pumzi."

Anashuka kichuguu na kushika njia ya kituo cha pili. Hatembei kama mtu anayekwenda kuhukumiwa. Anatembea kama mtu mwenye uji motoni.

Kijiji cha Itobela kiko upande wa Kipalapala, safari ya asubuhi moja kwa baiskeli kutoka mjini Tabora ikiwa mnyororo una huruma. Ni kijiji cha ujamaa. Huu ni mwaka wa tano tangu Azimio, na nyumba zimepangwa mistari kama watoto wa shule. Kina ofisi ya bati, duka, stoo, na shamba la kijiji ambalo kila mtu analipenda sana akiwa mbali nalo.

Redio ziko mbili. Ya katibu haina betri. Ya pili ina betri, lakini mwenyewe anataka taarabu tu. Kwa hiyo mtu wa Itobela akitaka kujua linalotendeka, anamsubiri Koleta.

Ana miaka arobaini na kitu, na hicho kitu hakitaji. Sauti yake inafika shamba la mbali bila kuchoka njiani. Anasema alipewa na ndege.

"Nilipokuwa mtoto niliwekwa kwenye mtama wa baba niamie ndege," anasema. "Ndege wa huku hawasikii ukiwaambia taratibu. Nilipoolewa, mume wangu alidhani nina hasira. Nilikuwa namwomba kibiriti."

Lakini sauti peke yake haitoshi. Kazi ya mbiu ina desturi zake, na kubwa kuliko zote ni ya jembe.

Wazee wa hapa wanasema desturi hiyo ilianza na wapagazi waliokuwa wakipita na mizigo kwenda na kurudi. Mpagazi akitumwa neno kutoka kwa mkuu wa msafara kwenda kambi ya mbele, aligonga jembe kabla ya kulisema, akagonga tena alipolimaliza. Vinginevyo angepigwa fimbo kwa matusi ya bwana mwingine. Kilichomo kati ya jembe na jembe ni cha aliyetuma. Kilicho nje ni cha mwenye mdomo.

"Mdomo ni wangu, maneno si yangu," anaeleza Koleta. "Bila jembe mtajuaje nani anasema? Mtasikia sauti ya mwanamke inawaamuru mkachimbe choo, mtakuja kunipiga mimi."

Shingoni huvaa filimbi ya refa wa mpira, aliyoinunua Ng'ambo, mtaa wa mjini Tabora. Hiyo ni ya neno lililo ndani ya neno.

"Nikipiga jembe, anasema katibu. Katibu akisema kwamba bwana shamba amesema, napuliza filimbi: hapo anasema bwana shamba, yumo tumboni mwa katibu. Nikipuliza ya pili, bwana shamba ametoka. Nikipiga jembe la pili, katibu naye ametoka. Kila aliyeingia atoke kwa mlango wake, na aliyeingia mwisho ndiye anatoka kwanza. Mimi nabaki mtupu, naenda kupika."

Kwa kazi hii halipwi mshahara. Anaachiwa siku moja ya shamba la kijiji kila wiki, na wakati wa mavuno anapewa madebe mawili ya mahindi. Riziki yake hasa ni kipande cha karanga kando ya njia panda, ambacho mwaka huu kingeweza kutoa magunia manne. Hizo ndizo chumvi yake, sabuni yake na kanga mpya ya Krismasi.

Kabla yake mbiu ilikuwa ya mwanamume mmoja, sasa amehamia Urambo. Siku moja katibu wa wakati huo alimwambia, "Watangazie wananchi kila nyumba ilete mahindi kiasi atakachosema bwana stoo." Yule bwana akapanda kichuguu akatangaza hivyo hivyo: kila nyumba ilete mahindi kiasi atakachosema bwana stoo. Kijiji kizima kikaenda stoo kumuuliza amesemaje. Mlango uling'oka na bawaba zake.

Koleta hatangazi hivyo. Akipewa agizo lenye shimo, kwanza anakwenda kutafuta kitu cha kulijaza. Anamwendea bwana stoo, anamuuliza, anachukua jibu mdomoni kama paka aliyebeba mtoto wake, anarudi nalo, analiweka mahali pake. Ndipo anapanda kichuguu. Watu wanasikia: kila nyumba ilete pishi mbili. Mlango unabaki salama.

"Shida ni kwamba watu hawajibu tu," anasema. "Wanajibu na kulalamika. Mzee Nassibu wa stoo ukimuuliza idadi ya magunia, atakupa idadi, atakupa na habari za goti lake. Idadi inakwenda kichuguuni. Goti linabaki njiani. Tena kila jibu lake linaisha na 'basi, basi, basi.' Hizo nazikata. Nisipozikata watu wataanza kutawanyika kabla sijamaliza."

Hakujifunza yote kwa siku moja. Mwaka wake wa kwanza aliona uvivu kupiga jembe kwa ajili ya jina moja tu, akapaza sauti hivi hivi: "Anton Masolwa anatakiwa zahanati!" Kijijini alikuwako Anton, na alikuwako Masolwa, na alikuwako Anton Masolwa. Wa kwanza na wa pili wakaenda zahanati mbio. Wa tatu, alipoona wawili wamekwenda, akaona wanatosha, akaendelea kupalilia. Anton alidungwa sindano mbili za ugonjwa ambao hakuwa nao.

"Tangu siku hiyo hata jina nalifungia ndani ya jembe," anasema Koleta. "Likae pamoja, lisigawanywe kama nyama ya sadaka."

Katibu wa sasa, Ndugu Modest, ndiye aliyelipenda jembe kuliko wote. Ni kijana nadhifu, mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyekaa seminari miaka miwili kabla ya kugundua kwamba Mungu alikuwa na mipango mingine naye, na wasichana pia. Alipofika Itobela alisimama mkutanoni akaapa kwamba yeye hana mali. "Sina hata bua moja la mahindi lililo langu peke yangu," alisema. "Shamba langu ni shamba letu. Na kiongozi akionekana na shamba la siri, liwe la kijiji siku hiyo hiyo!" Watu walipiga makofi sana. Makofi hayana gharama.

Mwaka jana alikuwa na mafua siku ya kutoa agizo. Koleta akalitangaza kama lilivyo, na kikohozi chake mahali pake: wananchi wote waje, kho, kho, na vikapu. Watu wakacheka, wakasema mpiga mbiu anamdhihaki kiongozi. Modest akamtetea kwa ukali.

"Kilichomo kati ya jembe na jembe ni changu!" aliwaambia. "Hata kama ni kikohozi, ni changu! Asiwepo mtu wa kusema hiki nimesema na hiki sikusema!"

Maneno mazuri. Yalikaa kijijini yakimngoja.

Jumanne wiki hii, asubuhi, Koleta alipanda kichuguu cha njia panda na agizo la mavuno. Akapiga jembe. "Kesho kila nyumba itoe mtu mmoja na kikapu kimoja, kuvuna mahindi ya kijiji!" Akainua msumari afunge.

Hapo ndipo alipowaona mbuzi wa Paskazia.

Paskazia ni jirani yake na rafiki yake tangu wote wawili hawana meno ya mbele, jambo ambalo halijawahi kuwazuia kutukanana. Mbuzi wake saba walikuwa katikati ya karanga za Koleta, wametulia kama wageni waliokaribishwa.

"Paskazia!" Sauti ile ya ndege ikatoka yote. "Mbuzi wako wanamaliza karanga zangu! Leo mbuzi wote wa kijiji hiki wafungwe, na wewe ufungwe pamoja nao, beberu mkubwa we!"

Akaruka kutoka kichuguuni, akarusha alichokuwa nacho mkononi. Alichokuwa nacho mkononi ni msumari. Haukumpata mbuzi, ulipotelea majanini, na Koleta akafukuza mbuzi mpaka jasho likamtoka. Aliporudi kuutafuta hakuuona. Akaenda nyumbani akiwa na hasira, na jembe halikufungwa.

Watu wa Itobela ni watiifu wanapotaka. Kabla ya mchana mbuzi wote walikuwa wamefungwa mbele ya ofisi, na hapo palipojaa wakasukumwa ndani ya stoo. Paskazia naye aliletwa na mgambo wawili, kamba kiunoni, anatafuna muwa. Inasemekana kamba hiyo aliitoa nyumbani kwake mwenyewe, ile nzuri, kwa sababu ya mgambo ilikuwa chafu.

Modest akatoka ofisini kwa sababu ya kelele.

"Nani kaleta mbuzi hapa?"

"Wewe, ndugu katibu," akajibu mgambo, amesimama wima.

"Na huyu mama?"

"Wewe, ndugu katibu."

"Kaniita beberu," akasema Paskazia, akitema kapi la muwa. "Mbele ya kijiji chote. Mimi, mwenye kadi ya chama! Wewe unajua beberu ni nani siku hizi, ndugu katibu?"

Halafu mzee mmoja, polepole, kama mtu anayeokota sindano, akauliza, "Samahani, ndugu katibu. Umesema karanga zako. Ni zipi hizo?"

Kila mtu Itobela alijua karanga zile ni za nani. Mtoto wa kunyonya alijua. Lakini miaka miwili walikuwa wameambiwa sheria ni sheria, na leo sheria imewaletea kitoweo. Nani angekataa?

Jumatano Koleta hakutangaza chochote maana alikuwa akitafuta msumari. Aliupata jioni. Leo alfajiri, Alhamisi, ametangaza mkutano huu.

Watu wamekuja mapema, jambo ambalo kwa shamba la kijiji halijapata kutokea. Mwenyekiti, Mzee Kornel, amekaa kwenye kiti pekee chenye miguu minne. Ni mzee wa kusinzia, lakini husinzia kwa sikio moja tu.

Modest ndiye wa kwanza kusimama. Kalamu mbili ziko mfukoni, lakini kola imelowa.

"Ndugu mwenyekiti, mimi sina karanga. Hata kuzipanda sijui. Mama Flavia yupo, aseme mwenyewe ni za nani, twende tukafanye kazi."

"Zilisemwa ndani ya jembe," inatoka sauti nyuma.

"Alisahau kufunga!"

"Kho, kho," inakohoa sauti ile ile, na mkutano mzima unaangua kicheko. Modest anakaa chini.

Mzee Kornel anafungua jicho moja. "Mama Flavia. Karanga ni za nani?"

Koleta anasimama, jembe mkononi. Hapo ndipo penye mtego, na wote wanauona. Akisema ni zake, amesema kwamba kilichomo ndani ya jembe si lazima kiwe cha aliyetuma, na jembe limekufa leo. Akisema ni za katibu, basi ni shamba la siri la kiongozi, na ni la kijiji siku hiyo hiyo. Magunia manne. Kanga ya Krismasi.

"Ngojeni kwanza." Ni Ngollo, mumewe, mtu mrefu mpole. "Ndugu mwenyekiti, na mimi nina shida. Jembe lilifunguliwa Jumanne, halikufungwa. Sasa Jumanne jioni mke wangu aliniambia, 'Njoo ule, mume wangu, ugali unapoa.' Naomba mkutano unisaidie. Nilikaribishwa na nani?"

Wanawake wanajitupa chini kwa kicheko.

"Mzee Ngollo, mimi sikukuita!" anapiga kelele Modest.

"Na jana akaniambia mimi ni mvivu kuliko kinyonga. Hilo nalo, ndugu katibu, ulifute, maana linaniharibia jina."

"Hilo," anasema Koleta, "hata jembe likifungwa nitalirudia."

Paskazia naye ananyanyua mkono. Hajasahau beberu.

"Ndugu mwenyekiti, hesabuni vizuri. Jumanne kapiga mara moja, kafungua. Leo alfajiri kapiga la kwanza. Hilo la kwanza la leo ndilo limefunga la Jumanne! Kwa hiyo ule wito wa mkutano umesemwa nje ya jembe. Ni maneno ya Koleta mwenyewe. Amejiitia kesi yake kwa mdomo wake!"

Watu wanatazamana. Wengine wanahesabu kwa vidole.

"Kisha akapiga tena," anaendelea Paskazia, sasa anafurahi, "na hilo halikufunga kitu, limefungua. Yaani tangu alfajiri hadi hivi sasa, kila anachosema huyu mwanamke anakisema katibu."

Koleta anafikiri. Anaona ni kweli.

"Mh," anasema. "Nasikia kiu."

"Mpeni katibu maji!" inapaa sauti ile ya nyuma, na mkutano unavunjika kabisa. Mgambo mmoja, mtiifu mpaka mwisho, anampelekea Modest kata ya maji. Modest anainywa. Kiu alikuwa nayo kweli.

Mzee Kornel anafungua jicho la pili, na watu wakiliona jicho la pili hunyamaza. "Mama Flavia, piga moja la kufunga. Tuanze upya."

Ngaa!

"Sasa nitakayosema ni yangu," anasema Koleta. Hana sauti ya ndege wala ya kuombea chumvi. "Ningependa kusema karanga ni zangu. Nimezipanda mimi, nimezipalilia mimi na mgongo huu. Lakini nikisema hivyo, kesho mtu ataambiwa aende kuvuna, atasema agizo hilo si la katibu, ni la Koleta, siendi. Na katibu naye," anamtazama Modest, "siku akitoa agizo baya, likaumiza watu, atasema halikuwa langu, lilikuwa la Koleta. Hapo mtampata wapi? Nilifungua mimi. Sikufunga mimi. Jembe halikusema uongo. Karanga ziende."

Hakuna anayecheka. Ngollo ameshika kichwa. Paskazia anaangalia vidole vya miguu yake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuviona.

"Mimi sizitaki," anasema Modest taratibu.

"Huwezi kuzitaka, uliapa," anasema Mzee Kornel. "Zimekuwa za kijiji. Katibu hana kosa, maana zimemtoka. Jembe linabaki kwa Mama Flavia, maana amelilipia. Sasa zivunwe vipi, zipelekwe wapi? Ndugu katibu, toa agizo, usikae kama bibi harusi."

Modest anataka jambo hili liishe hata kama paa litadondoka. "Agizo ni hili. Karanga zifanywe vile atakavyosema bwana stoo, yeye ndiye mpokeaji wa mazao. Atakalosema ndilo neno langu na ndilo neno la kijiji. Mama Flavia, kalichukue jibu ulitangaze, watu wakiwa hapa hapa."

Koleta anakwenda stoo peke yake.

Mzee Nassibu hakuja mkutanoni kwa sababu alikuwa anafagia. Ni mtu wa Ng'ambo mwenye kofia safi ya kufuma, aliyekubali kuja kutunza stoo ya kijiji akidhani ataishi na mahindi. Tangu Jumanne anaishi na harufu ya mbuzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kama umeleta mnyama, mwache huko huko."

"Nimeleta swali. Karanga za pale njia panda zimekuwa za kijiji. Zifanywe nini?"

Fagio linasimama.

"Karanga? Karanga gani tena? Zile zilizoniletea mbuzi? Mwanangu, tazama kona ile. Hilo ni gunia, au lilikuwa gunia. Goti langu limevimba kwa kuwafukuza. Wamekula kamba, wamekula ufagio wa kwanza, mmoja kala hesabu za mwezi wa tatu. Stoo imejaa. Palipobaki pananuka. Aliyezipanda azichimbe mwenyewe, azianike kwake, zikae kwake, zisinifikie mimi! Basi, basi, basi!"

"Jibu ndilo hilo?"

"Ndilo hilo."

"Na ya goti?"

"Goti ni langu na Mola wangu. We nenda."

Je, alimweleza kwamba atakalosema litakuwa neno la kijiji? Alipoulizwa baadaye, Koleta alionekana kuumia kwa swali lenyewe. "Mimi natumwa kuchukua jibu," alisema. "Situmwi kulipika."

Amerudi mkutanoni. Hajakimbia, lakini vumbi limemfuata kwa bidii. Anasimama mbele ya mwenyekiti, anainua msumari.

Ngaa!

"Karanga za njia panda zifanywe vile alivyosema bwana stoo, naye amesema..."

Anapuliza filimbi.

"...'Aliyezipanda azichimbe mwenyewe, azianike kwake, zikae kwake.'"

Filimbi tena. Halafu, polepole, huku mkutano mzima ukiutazama msumari kama paka anavyotazama samaki, anafunga.

Ngaa!

Modest anamtuma mgambo stoo akahakikishe, na mgambo anarudi upesi, anafuta makapi ya mahindi usoni.

"Anasema ndiyo, ndugu katibu, neno kwa neno. Ila amekatwa basi zake tatu. Na kanirushia ufagio."

"Basi limepita," anasema Mzee Kornel, na jicho moja linaanza kufunga. "Ni neno la katibu, na la kijiji. Nani alizipanda?"

"Koleta!" kijiji kizima kinajibu, na sauti ya kwanza kabisa, yenye nguvu kuliko zote, ni ya Modest.

Mchana huo Koleta yuko shambani kwake, anang'oa karanga na kukung'uta udongo. Paskazia anatokea na kikapu, mbuzi wamebaki nyumbani.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kusaidia kuchimba zile ambazo wanangu hawakuzimaliza."

"Chukua mstari ule. Na usile."

"Nani anakula?" anajibu Paskazia, mdomo umejaa.

Wanachimba. Ngollo naye yupo, kivulini, anasimamia. Kwa makadirio yake karanga hazitafika magunia manne. Mbuzi wamepunguza, labda matatu, na kwa jinsi Paskazia anavyosaidia huenda yakawa mawili na nusu.

Koleta hanung'uniki. Ananyoosha mgongo, anapima kwa macho umbali kutoka kichuguuni hadi pale anapochimba, anatikisa kichwa. Mwakani, anasema, kipande hiki atawaachia wanaolima mihogo. Karanga zake atazipanda nyuma ya nyumba, ng'ambo ya kijito, ambako akisimama kichuguuni hawezi kuziona hata akijinyoosha.

"Mtu akiwa anasema maneno ya watu," anasema, akiparua udongo wa karanga kwa kucha, "asiwe na karanga mbele ya macho."